Pikapu Iliyoinama

Jamaa yangu mmoja, mkazi wa Vigwaza, alinijia na swali ambalo kwa sura lilikuwa la gereji, lakini kwa undani lilikuwa la maadili. Ana pikapu ya kuchukulia mazao. Vijana wa mtaani humtania kwamba gari lake linasujudu, kwa kuwa likiwa tupu mbele huwa chini na nyuma huwa juu. Fundi alimwambia kuwa dawa yake ni nyepesi: vipande viwili vya chuma vikitiwa juu ya springi za mbele, pua itapanda sentimita 5 na gari litakaa sawa. "Kaka," aliniuliza, "nikiliinua nitakuwa nimemkosea nani?"

Swali hili halistahili kuchekwa. Ni wachache wanaopata nafasi ya kuamua mambo ya mataifa, lakini kila mtu huamua juu ya vitu vilivyo mikononi mwake, na humo tabia yake hupimwa bila ya mashahidi.

Kwanza tuitazame sababu ya kuinama. Pikapu haikuinama kwa uzembe wa aliyeiunda. Nyuma yake imeinuliwa kwa ajili ya mzigo ambao bado haujaja. Pakia magunia ya mihogo, au mananasi ya Kiwangwa, na springi za nyuma zitakubali uzito, bodi litashuka, na gari litasimama sawa kama meza. Waunda majahazi wa pwani ya Bagamoyo waliijua hekima hiyo kabla ya injini kufika. Jahazi tupu huelea juu mno, na nahodha hulitia farumi ya mawe au mchanga ili litulie. Wala hakuna aliyemlaumu fundi kwa kuwa chombo chake hakikupendeza kilipokuwa kitupu. Vyombo vya kazi huhukumiwa vikiwa kazini. Anayelisawazisha gari likiwa tupu hana budi kukubali kwamba siku ya mzigo litaketi kitako na kuinua pua juu.

Jamaa yangu hakukosa hoja. Alisema kuwa njia ya shambani kwake hujaa matope wakati wa masika, na sehemu ya mbele hukwaruza ardhi. Alisema pia kuwa uzuri si dhambi. Nilikubali yote mawili. Haja ni haja. Na mtu aliyefunga chuma kizito mbele ya gari, springi zikalemewa, akiliinua hurudisha tu kimo kilichopotea. Ama uzuri, watu wa pwani yetu wamechonga nakshi katika milango kwa karne nyingi, ingawa mlango usio na nakshi hufunga nyumba vilevile. Nani atathubutu kuwaambia kuwa walipoteza wakati wao? Basi sikuweza kumkataza kwa hoja kwamba anatafuta kupendeza. Lililobaki ni kuuliza gharama ya kupendeza huko italipwa na nani. Nakshi ya mlango hulipwa na mwenye nyumba. Je, pua ya gari iliyoinuliwa hulipwa na mwenye gari peke yake?

Hapa hesabu ndogo hufaa kuliko maneno mengi. Kutoka ekseli ya mbele hadi ya nyuma katika pikapu kama yake ni kadiri ya mita 3. Mbele ikipanda sentimita 5, mwanga wa taa nao hupanda sentimita 5 kwa kila mita 3 za mwendo wake; katika umbali wa mita 60 umepanda mita 1 nzima. Taa za chini kwa kawaida huelekezwa ziiname kiasi cha sentimita 1 kwa kila mita, ili zimulike barabara na kuyahurumia macho ya wengine. Mwanga uliopaswa kuwa umeshuka sentimita 60 sasa utakuwa sentimita 40 juu ya kimo cha taa zenyewe, yaani karibu na macho ya dereva wa gari dogo. Mzigo ukishusha nyuma, hupanda zaidi. Katika Barabara ya Morogoro hupita usiku mabasi, malori yaendayo Zambia na Kongo, na pembezoni mwake waendao kwa baiskeli na kwa miguu. Mtu aliyetiwa kiwi kwa nukta mbili tu huendesha kwa nukta hizo kama kipofu. Wahenga walisema, mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Mwenye taa zilizopanda haoni uzito wowote. Uzito wote humwangukia anayemkabili.

Vigwaza inajulikana kwa mizani yake. Malori hupimwa hapo ekseli kwa ekseli, kwa mujibu wa sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2016, ambayo Tanzania ilianza kuitumia mwaka 2019, na ambayo haikubali lori lolote lizidi tani 56 pamoja na mzigo wake. Pikapu hupita kando bila ya kuitwa, kwa kuwa sheria hiyo huanzia tani 3.5. Hiyo ni ruhusa kwa upande wa sheria. Lakini mtu ambaye mizani ya serikali haimwiti anazidi kuhitaji mizani ya nafsi yake, maana asipojipima mwenyewe hakuna atakayempima.

Nilimwambia basi: kama ni matope yanayokusumbua, inua, lakini siku hiyohiyo taa zishushwe, na mwelekeo wa magurudumu upimwe upya. Kama ni mzaha wa vijana, liache gari liiname.

Jioni ile tulilielekeza ukutani, kwanza tupu, kisha likiwa limejaa magunia, tukatia alama ya mkaa palipofika mwanga. Alama ya pili ilikuwa juu sana kuliko ya kwanza, na wakati huo hapakuwa na chuma chochote kilichoongezwa. Tukatafuta, tukakiona kando ya usukani kigurudumu kidogo chenye picha ya taa. Akakizungusha, mwanga ukashuka ukutani mpaka alama ya kwanza. Tangu aliponunua gari hilo hakuwa amekigusa. Alinyamaza kwa muda, nami nilidhani anahesabu safari zake za usiku na watu aliokutana nao njiani. Habari ya kuinua pua hakuitaja tena jioni ile.