Chanjo ya mabinti zetu: Tuwafiche wazazi ili wakubali?

Katika vikao vya kuandaa semina ya wazazi tunayoipanga hapa Arusha, limezuka suala ambalo kwa juu juu linaonekana dogo, lakini kwa hakika ndilo linaloibeba semina yote. Semina inahusu chanjo ya kuzuia saratani ya mlango wa kizazi kwa mabinti zetu. Ukumbi umepatikana, nesi wa kuzungumza amepatikana, na siku imekubaliwa kuwa Jumapili baada ya Swala ya Alasiri, wafanyabiashara wa sokoni wakiwa wameshafunga hesabu zao. Lililobaki ni hili: Je, tuwaambie wazazi kuwa virusi vinavyoleta saratani hiyo huambukizwa kwa njia ya kujamiiana, au tulinyamazie?

Baadhi ya ndugu katika kamati wanaona tunyamaze. Wanasema, tamkeni neno hilo mbele ya wazee na nusu ya ukumbi itasimama na kuondoka. Semeni tu kuwa ni chanjo ya saratani, inatosha, maana huo nao ni ukweli. Mabinti watachanjwa, watapona na balaa kubwa, na mwisho wa yote hakuna aliyedhurika.

Ndugu msomaji, hoja hii si ya kupuuzwa. Wanaoitoa hawana maslahi yoyote isipokuwa kheri ya watoto. Nami nakubaliana nao kabisa kuhusu ukubwa wa tatizo. Saratani ya mlango wa kizazi ndiyo inayoongoza kwa wanawake wa Tanzania. Ni nani katika mitaa ya Ngarenaro, Kaloleni, Sombetini au kule Usa River na Tengeru ambaye hajasikia habari ya mama aliyepelekwa Ocean Road, Dar es Salaam, wakati maradhi yameshakomaa? Ng'ombe wanauzwa, kiwanja kinauzwa, watoto wanagawanywa kwa ndugu, na mara nyingi mgonjwa anarudi kuja kuzikwa. Na huyu ni mama aliye katika umri ambao familia inamtegemea zaidi.

Dhidi ya maradhi hayo kuna kinga. Jirani zetu wa Kilimanjaro walianza nayo kwa majaribio mwaka 2014. Aprili 2018 ikazinduliwa nchi nzima kwa wasichana wa miaka 14, na mwaka 2024 serikali ikahamia kwenye dozi moja na kupanua umri kuwa miaka 9 hadi 14. Rwanda walitangulia tangu mwaka 2011. Kule Scotland, utafiti uliochapishwa Januari 2024 haukumkuta hata mgonjwa mmoja wa saratani hiyo miongoni mwa wanawake waliochanjwa kikamilifu wakiwa na miaka 12 au 13. Kwa hiyo suala si kama chanjo inafaa. Suala ni njia gani ya halali ya kumfikishia mzazi habari hii.

Sasa tuitazame hoja ya kunyamaza katika sura yake yenye nguvu. Ndugu mmoja alituuliza: Mkisema kila kitu na wazazi kumi wakakataa, kisha mmoja wa mabinti wale akafa kwa saratani akiwa na miaka arobaini, nani atajibu mbele ya Allah (s.w.)? Mzazi aliyekataa, au nyinyi mlioshindwa kuchunga ulimi? Akaongeza kuwa hata sheria imeruhusu kusema lisilokuwa ili kupatanisha watu waliogombana. Iweje basi tushindwe kunyamazia jambo moja ili kuokoa roho?

Jawabu la kwanza ni kuwa ruhusa ile ya kupatanisha ina mipaka yake. Anayepatanisha analainisha nyoyo. Hamuondolei mtu jambo analolihitaji ili aamue kuhusu amana iliyo mikononi mwake. Mtoto ni amana aliyopewa mzazi, naye ndiye atakayeulizwa. Ukimficha anachotakiwa kukijua, umeamua wewe kwa jina lake, kisha umemwachia yeye kujibu. Hapo hajaridhia, ameridhishwa.

Tunaijua habari ya Mtume (s.a.w.) alipopita sokoni akaingiza mkono katika lundo la chakula, akakuta ndani kumelowana. Muuzaji akajitetea kuwa ni mvua iliyonyesha. Mtume hakumlaumu kwa mvua. Alimuuliza kwa nini hakukiweka kile kilicholowa juu watu wakakiona, na akabainisha kuwa mwenye kughushi si katika sisi. Tuzingatie vizuri: nafaka ile ililiwa na ilikuwa na thamani, na kosa halikuwa la muuzaji. Lawama ilikuja kwa sababu ya kufunika. Iwapo hilo limekatazwa kwa debe la nafaka, hali ikoje kwa mwili wa binti wa mtu?

Jawabu la pili linahusu hesabu yenyewe. Ndugu zetu wamehesabu siku moja na chanjo moja. Wamesahau kuwa kila mzazi leo ana simu mfukoni, na jioni ile ile mtoto wa jirani atamsomea kile tulichokificha. Kesho yake atajiuliza, kama wamenificha hili, lipi jingine wamenificha? Naye hatakomea kwenye chanjo ya saratani. Ataitilia shaka ya polio, ya surua, ya pepopunda, na hata kadi ya kliniki ya mtoto mchanga ataiacha ikakaa kabatini.

Haya si mambo ya kubuni. Mwaka 1996, wakati wa mlipuko wa homa ya uti wa mgongo huko Kano, kaskazini mwa Nigeria, kampuni ya Pfizer ilijaribu dawa yake ya Trovan kwa watoto. Watoto 200 walihusishwa, nusu wakipewa dawa hiyo na nusu dawa nyingine, na 11 walifariki. Kampuni ilisema maradhi ndiyo yaliyowaua. Familia zikadai kuwa hazikuelezwa sawasawa watoto wao wanafanyiwa nini. Kesi ziliendelea miaka mingi hadi mwaka 2009 kampuni ilipokubali kulipa dola milioni 75. Lakini kabla ya hapo, mwaka 2003, Kano ilisimamisha chanjo ya polio, watu wakiogopa kuwa imetiwa kitu cha kuwafanya mabinti wasizae. Chanjo ilirudi mwaka 2004 baada ya kupatikana iliyotoka Indonesia, nchi ya Waislamu. Lakini kwa muda ule virusi vilikuwa vimeshasafiri. Vilifika Sudan, vikafika Yemen, na mwaka 2005 vikafika Indonesia kwenyewe. Waliolemaa ni watoto wa Waislamu.

Na ilipofika mwaka 2011, Shirika la Ujasusi la Marekani likatumia kampeni ya chanjo ya homa ya ini kule Abbottabad, Pakistan, kumsaka Osama bin Laden. Hatimaye mwaka 2014 Ikulu ya Marekani ikaahidi kuwa kampeni za chanjo hazitatumika tena kwa ujasusi. Muislamu anayesikia habari hizi akaingiwa na wasiwasi si mjinga. Hapa kwetu nako, mwanzoni mwa mwaka 2021 viongozi wa juu waliitilia shaka chanjo ya Korona, na Julai 28 mwaka huo huo Rais Samia Suluhu Hassan akachanjwa hadharani. Mwananchi alitakiwa kugeuka ndani ya miezi sita bila ya kuelezwa kwa utulivu.

Kwa hiyo anayekuja kwenye semina yetu anakuja na shaka yenye historia. Dawa ya shaka hiyo ni uwazi. Qur'an (17:36) inatukataza kufuata tusilokuwa na elimu nalo, na (49:6) inatuamrisha tuhakikishe habari kabla ya kuwadhuru watu kwa kutokujua. Aya hizi zinamkaba anayekubali chanjo kwa kufuata mkumbo. Zinamkaba pia anayeikataa kwa ujumbe wa simu usiojulikana umeandikwa na nani.

Inabaki hoja ya wazazi wenyewe, nayo ni nzito kuliko zote. Mzee mmoja wa Unga Limited aliniambia: "Ustadhi, binti yangu namlea kwa hijabu na Qur'an. Mkimchanja ugonjwa wa wazinzi mnamwambia nini? Si mnamfungulia mlango?" Huyu mzee anatumia kanuni ya kifiqhi ya kuziba njia za uovu, hata kama hakuitaja kwa jina lake. Anastahili jawabu la heshima, na jawabu hilo haliwezekani ukiwa umeshaamua kumficha.

Jawabu ni kuwa ucha Mungu wa binti unamlinda na zinaa, lakini haumlindi na yaliyopita ya mume wake. Binti anaweza kuingia katika nyumba yake ya ndoa akiwa hajawahi kuguswa, akaolewa na kijana aliyetubu, au aliyefiwa na mke, au aliyewahi kuoa akaacha kwa halali kabisa. Virusi hivi ni vya kawaida mno, na mwenye kuvibeba kwa kawaida hana dalili. Hapo hakuna mzinzi, na maradhi yapo. Kuyaita "ugonjwa wa wazinzi" ni kuwasingizia mama zetu wengi waliokufa nayo wakiwa hawakumjua mwanaume yeyote ila mume wa ndoa. Nasi tunajua uzito wa kuwasingizia wanawake wenye kujihifadhi.

Na lingine: Binti anayeacha zinaa huiacha kwa kumuogopa Allah (s.w.). Hakuna binti anayeiacha kwa kuihofia saratani itakayokuja miaka ishirini baadaye. Kama malezi yetu yanasimama juu ya hofu ya saratani, basi yameshaanguka kabla ya sindano. Chanjo haifundishi kitu. Wa kufundisha ni mzazi na madrasa, na kazi hiyo inabaki pale pale.

Wapo pia watakaosema kuwa kinga inapingana na tawakkul. Hawa tutawakumbusha Umar bin al-Khattab (r.a.) alipofika Sargh akielekea Sham, akaambiwa kuna tauni, akarudi. Alipoulizwa kama anaikimbia kadari ya Allah, alijibu kuwa anaiacha kadari moja kwenda kwenye kadari nyingine ya Allah. Tutawakumbusha pia kuwa kila Mtanzania anayekwenda Hijja huchanjwa homa ya uti wa mgongo, na hatujasikia haji aliyesusa kwa sababu ya tawakkul. Na Baraza la Kimataifa la Fiqhi lilipokutana Jeddah mwaka 1992 lilikubali kuwa mtawala anaweza hata kulazimisha matibabu katika baadhi ya hali, ikiwemo maradhi ya kuambukiza na chanjo za kinga.

Mimi sipendekezi kulazimisha. Napendekeza semina ya namna nyingine na tulizozizoea. Kwanza, isiwe na posho. Mtu aliyelipwa ili asikilize, jirani yake atasema amenunuliwa. Chai na maandazi vinatosha. Pili, baba na mama waje wote. Mama ndiye anayepeleka kliniki, lakini nyumba nyingi neno la mwisho ni la baba, naye hajawahi kuelezwa. Tatu, liwepo boksi la maswali yasiyo na jina, maana yapo ambayo mama hawezi kuyauliza mbele ya mkwewe. Nne, nesi aeleze kila kitu: kwamba ndani ya chanjo hii hamna kirusi hai, kwamba mkono unauma na wengine hupata homa au kizunguzungu, na kwamba haitibu aliyekwishaugua. Kwa hiyo mama watu wazima wanahitaji kupimwa, hata kama binti zao wamechanjwa. Tano, kuhusu uvumi wa ugumba, tuwaulize wanawake waliochanjwa Kilimanjaro tangu mwaka 2014. Wapo walioolewa huku kwetu, na akiridhia mmoja wao azungumze mwenyewe na akina mama. Tena tusisahau kuwa saratani hii ndiyo inayosababisha wanawake kuondolewa kizazi.

Je, baada ya yote hayo wapo watakaokataa? Bila shaka wapo. Hapo ndipo linaporudi lile swali la binti atakayekufa. Kwa maoni yangu, wajibu wetu ni kufikisha kwa uwazi, lakini tusijifiche nyuma ya neno hilo. Aliyekataa Jumapili tumfuate nyumbani Jumatano, tumsikilize tena, na tukishindwa tumtume babu au shangazi anayemuamini. Kuficha ni kazi ya siku moja. Kusema kweli kunadai miguu, nauli na subira ya miezi. Nahofia kuwa wakati mwingine tunaita "hekima" kile ambacho ni uvivu wa kutembea nyumba kwa nyumba.

Mwaka 1977, mji wa Merca nchini Somalia ulipata mgonjwa wa mwisho duniani wa ndui aliyeambukizwa kwa njia ya asili. Ni Ali Maow Maalin, mpishi wa hospitali. Alikuwa ameikwepa chanjo kwa kuogopa maumivu ya sindano. Alipona, na miaka mingi baadaye akawa anapita kwa wazazi wa Kisomali akihimiza chanjo ya polio, akiwaeleza wazi wazi kuwa yeye aliikataa ya kwake na yaliyompata. Alifariki mwaka 2013 akiwa katika kazi hiyo. Wazazi walimsikiliza kwa sababu hakuwaficha kitu.

Wajumbe wenzangu wa kamati, Jumapili ile tulitoe lile lililolowa tuliweke juu ya lundo, watu waone, kisha tujibu maswali mpaka Magharibi.

Wabillahi Tawfiq.