Mpira wa Mtoto na Amani ya Nyumba

Baba anataka kijana wa miaka 11 ajiunge na timu inayosafiri kucheza Nairobi. Mama anataka abaki kwenye ligi ya mtaa hapa Garissa. Nani ana haki?

Msianze na kipaji. Anzeni na nani atakayelipa. Hadi Nairobi ni kilomita 370 hivi, kwenda tu: nauli, chakula, malazi, na Jumapili ya familia nzima. Dada yake anayehitaji madaftari huigharamia safari hiyo bila kuulizwa.

Wengine hudharau ligi za mitaa. Lakini MYSA ya Mathare ilianza mwaka 1987 na ligi za namna hiyo, ambapo timu hupata pointi hata kwa kusafisha mtaa. Mathare United, iliyozaliwa humo, ikawa bingwa wa Kenya mwaka 2008. Tena uwanjani hapa mtoto wenu hupasiana mpira na mtoto wa jirani Mwislamu. Baada ya mauaji ya Chuo Kikuu cha Garissa mwaka 2015, hilo si jambo dogo.

Hata hivyo, mama, usimkatalie mumeo kwa dharau. Pengine naye alikatazwa mpira utotoni (wanaume hatusemi). Watoto wakilala, fungueni pamoja daftari la matumizi. Safari moja ya likizo huenda ikawezekana. Na mwulizeni kijana. Labda anachotaka ni viatu tu.