Nyimbo Zipo, Lakini ni za Nani?

Mwezi uliopita mpwa wangu alinipigia simu kutoka Northampton. Anaolewa, na alikuwa na ombi moja tu kwa mjomba wake: ule wimbo ambao bibi yake, yaani mama yangu, aliuimba harusini Tanga mwaka 1983. Anataka upigwe siku yake. "Si unazo zote kwenye kompyuta, Mjomba?" aliniuliza. Nikamjibu kwamba ninazo. Jibu hilo lilikuwa kweli, na hapo hapo halikuwa kweli. Usiku ule sikupata usingizi vizuri, na ndiyo sababu nimeshika kalamu.

Nianze na kisa chenyewe. Mama, Mungu amrehemu, alikuwa na redio ya kaseti aliyoletewa na Baba kutoka Mombasa. Kila palipokuwa na harusi mtaani, aliibeba, akaiweka juu ya kigoda karibu na waimbaji, akabonyeza kitufe. Waimbaji hao hawakuwa watu wa Black Star wala Lucky Star, vikundi vilivyoijulisha Tanga kwa taarabu kila pembe ya Afrika Mashariki. Walikuwa majirani: muuza maandazi, mwalimu wa chekechea, mke wa fundi cherehani, na mara nyingine Mama mwenyewe. Nyimbo zao hazikupigwa redioni wala kuuzwa dukani.

Mwaka 2006 Mama alikuja kututembelea hapa Uingereza wakati wa kiangazi, na sandukuni mwake mlikuwa na kaseti 41. Mimi, kwa kuwa ni mhandisi, nilichukua kazi ya kuzihamishia kwenye kompyuta. Nilijivunia kazi ile. Nilikataa MP3, ambayo hupunguza sehemu ya sauti ili faili liwe dogo, nikachagua WAV, ambayo haipunguzi kitu na hula takriban megabaiti 10 kwa kila dakika. Nilinunua diski ya nje kwa ajili hiyo tu. Zikatoka nyimbo 212.

Dada yangu mkubwa alichukua kazi ya pili, ambayo wakati ule niliiona ndogo. Jioni, baada ya chakula, alikaa na Mama mbele ya kompyuta. Mama alisikiliza, akafumba macho, akasema, dada akaandika. Aliandika katika nafasi zile ambazo programu ya muziki hutoa kwa ajili ya jina la wimbo, mwimbaji, mwaka na maelezo. Nakumbuka mojawapo: "Harusi ya Chumbageni, 1979. Anayeimba ni mke wa fundi cherehani. Mtoto anayelia nyuma ni mdogo wetu." Mdogo huyo ndiye mimi. Walifanya hivyo kwa wiki sita. Mama alirudi nyumbani, na mwaka 2011 akafariki.

Mwaka 2013 nilifungua orodha ile siku moja ya Jumapili, nikakuta alama ya mshangao pembeni mwa kila wimbo. Nilipobonyeza, programu iliniambia kwamba faili halikuonekana. Nikajaribu la pili, la tatu, la kumi, jibu likawa lile lile. Nikaamua kwamba majina yale ni maiti, na orodha inahitaji kusafishwa. Nikazichagua zote 212 kwa mkupuo mmoja, nikafuta.

Baada ya nusu saa nikagundua kilichotokea. Kompyuta huipa kila diski herufi yake. Diski yangu ilikuwa E. Wiki ile nilikuwa nimechomeka kifaa kipya cha kusomea kadi za kamera, kikaichukua E, na diski ilipochomekwa tena ikapewa F. Nyimbo zilikuwa pale pale, hakuna hata moja iliyopungua. Kilichovunjika ni njia ya kuzifikia. Ni sawa na posta kurudisha barua kwa kuwa namba ya nyumba imebadilishwa, huku mwenyewe amekaa sebuleni anakunywa chai.

Nikazirudisha zote kwenye orodha, nikafurahi. Kisha nikaona zimerudi na majina gani: "Kaseti 14 A 03". "Kaseti 22 B 01". Maelezo ya Mama hayakuwemo. Mafaili yangu ya WAV hayakuwa yamebeba maelezo yoyote ndani yake. Programu ile ilikuwa ikiyatunza kwenye orodha yake yenyewe. Nilikuwa na nakala mbili za nyimbo. Nakala ya orodha sikuwa nayo hata moja. Sikuwahi kufikiri kwamba orodha nayo ni mali.

Hapo ndipo penye swali langu, wala si swali la kompyuta. Je, nilifanya kosa la kimaadili, au ilikuwa ajali tu?

Nilijitetea kwa hoja tatu, na nitaziweka hapa kwa haki. Ya kwanza: sikukusudia. Ya pili: mashine ndiyo iliyosema nyimbo hazipo. Ya tatu, ambayo ndiyo iliyonituliza kuliko zote: nyimbo zenyewe hazikupotea, kwa hiyo amana ya Mama iko salama.

Hoja ya kwanza ni ya kweli, lakini haitoshi. Mtu aliyewekewa mayai na jirani hawezi kuyakalia kisha akasema hakukusudia. Akipewa amana, anadaiwa uangalifu, na uangalifu ni jambo la kabla ya tendo. Hoja ya pili ni mbaya zaidi kwa mtu wa kazi yangu. Mashine haikusema nyimbo hazipo. Ilisema haikuziona pale ilipotazama. Mimi ndiye niliyegeuza "sijaona" ikawa "hakuna". Nilipokuwa mwanafunzi Manchester tulifundishwa kwamba fundi anayetafuta hitilafu haruhusiwi kubadili chochote kabla ya kuangalia: je, waya umechomekwa, umeme upo, kifaa kipo mahali pake? Nimewafundisha hayo vijana kazini kwa zaidi ya miaka ishirini. Siku ile nyumbani kwangu sikuangalia hata herufi ya diski.

Hoja ya tatu ndiyo iliyonichukua miaka kuielewa. Mama alitukabidhi nini hasa? Mimi nilidhani alitukabidhi sauti. Lakini sauti bila mwenyewe ni kama picha ya kale sokoni: unaona sura, na humjui mtu. Siti binti Saad aliporekodi nyimbo zake Bombay mwaka 1928, santuri zilizoletwa pwani zilikuwa na kibandiko katikati, na jina limechapwa juu yake. Ukiibeba sauti umelibeba na jina. Zama zetu zimetenganisha viwili hivyo. Hata MP3, ilipotengenezwa mwanzoni mwa miaka ya 1990, haikuwekewa mahali pa kuandika jina la mwimbaji. Ni mwaka 1996 ndipo lilipobuniwa lebo la kubandikwa mwishoni mwa faili, lenye baiti 128 tu, herufi 30 kwa jina la wimbo na 30 kwa mwimbaji. Walioitengeneza walifikiria sana namna ya kuihifadhi sauti. Nani anaimba lilikuja baadaye. Nami nilifuata mkumbo ule ule: nikanunua diski kwa ajili ya sauti, na majina nikayaacha yalale popote.

Wapo watakaosema kwamba nayakuza mambo. Rafiki yangu mmoja hapa Reading aliniambia: nyimbo za harusi ni za harusi, wazee wetu waliimba, wakala pilau, wakaenda zao, wala hakuna aliyedai kuandikwa jina. Kusahau nako ni sehemu ya maisha. Hoja hii ina uzito na sitaki kuipuuza. Kweli mke wa fundi cherehani hakuwahi kutuomba tumkumbuke. Lakini kusahau kunakokuja polepole, mzee mmoja baada ya mwingine, ni jambo moja, na mtu kufuta kwa kidole ushahidi ambao mzee alikaa wiki sita kuutoa ni jambo lingine. La kwanza ni la Mungu. La pili ni langu.

Tena si langu peke yangu. Mwezi wa Machi 2019 ilijulikana kwamba MySpace, iliyokuwa mtandao wa wanamuziki wachanga, imepoteza nyimbo zilizopakiwa humo kwa miaka kumi na miwili katika kazi ya kuhamisha seva. Zilitajwa nyimbo zaidi ya milioni 50. Mwezi uliofuata zikapatikana kama 490,000, kwa sababu watafiti fulani walikuwa wamezinakili zamani kwa ajili ya masomo yao. Kilichookolewa kiliokolewa kwa kuwa kilikuwa kwa watu zaidi ya mmoja.

Sasa nifikie sehemu ambayo ni nzito kwangu kuiandika. Nilimficha dada. Nilijiambia kwamba nitatafuta dawa kwanza, nikajaribu programu za kufufua mafaili, nikashindwa, nikanyamaza. Miezi minane ilipita. Nilipomwambia hatimaye, hakupiga kelele. Aliniuliza, "Nyimbo zipo?" Nikasema zipo. Akasema, "Sawa, lakini sasa ni za nani?" Kisha akanikumbusha jirani yetu wa nyumba ya pili, yule bibi aliyekuwa akimwitikia Mama katika nyimbo nyingi. Yeye angezitambua sauti zile zote. Alikuwa amefariki miezi miwili kabla ya siku ile. Kama ningesema mapema, dada angempigia simu, akamsikilizisha, akaandika upya.

Kwa hiyo jibu langu ni hili. Kufuta lilikuwa kosa la uzembe, na mzembe husamehewa akikiri. Kunyamaza ndiko kulikoligeuza kosa likawa hasara isiyolipika, kwa sababu nilimnyima mwenzangu muda wa kulitengeneza. Aliyepoteza amana akaficha amepoteza mara mbili.

Tangu hapo, mimi na dada hukaa pamoja kila tukipata nafasi. Yeye hukumbuka, mimi huandika. Tumezitambua 73. Nimeyageuza mafaili yote kuwa FLAC, ambayo nayo haipunguzi sauti, huchukua kama nusu ya nafasi, na hubeba maelezo ndani yake. Tena tumeyaandika kwenye daftari la karatasi, na nakala iko kwa kila mtoto. Zile 139 zilizobaki tumeziandika "sauti haijatambuliwa". Dada alikataa tuache nafasi tupu. Alisema nafasi tupu itamfanya mtu adhani hapakuwa na mtu.

Kwa msomaji anayekutana na alama ile ya mshangao, nina maneno machache ya fundi. Usifute. Angalia kwanza kama diski imechomekwa na kama herufi yake ni ile ile. Tafuta jina la faili kwenye kompyuta nzima, maana huenda limehamishwa tu. Kabla ya kugusa lolote, nakili orodha, si nyimbo peke yake. Na ukiona umeharibu, mwambie mwenzako siku hiyo hiyo.

Na kama una kaseti kabatini, usianze kwa kununua mashine. Anza kwa kumpigia simu mzee anayezijua sauti zile, angali yupo.

Wimbo wa mpwa wangu nimempelekea. Ni ule wa Kaseti 14, upande A, wa tatu; sauti ya Mama siwezi kuikosa. Alinipigia tena jioni ile ile, amefurahi. "Na huyu mwanamke wa pili anayeingia katikati, mwenye sauti nzito, ni nani, Mjomba?" Nikamwambia kwamba bibi yake alilitaja jina lake, na mama yake aliliandika, na mimi ndiye niliyelifuta. Alikaa kimya kidogo, kisha akasema siku ya harusi atawauliza wageni waliotoka Tanga.