Mzigo Upi ni Wake, na Upi ni Wetu?

Katika sura ya 6 ya Waraka kwa Wagalatia, Mtume Paulo anasema mambo mawili ambayo msomaji makini huona kama yanagongana. Katika mstari wa 2 anatuagiza tusaidiane kubeba yale yanayotulemea, na anasema huko ndiko kuitimiza sheria ya Kristo. Mistari mitatu tu baadaye anasema kila mtu ana mzigo wake wa kubeba mwenyewe. Tulipokuwa chuo cha theolojia tulifundishwa kwamba kwa Kigiriki maneno hayo mawili si mamoja. La kwanza ni *baros*, uzito unaomwelemea mtu hata asiweze kusimama. La pili ni *phortion*, furushi ambalo kila msafiri hulibeba begani mwake. Tuliyaandika katika madaftari, tukafaulu mtihani. Ilituchukua miaka mingi kuelewa maana yake, na aliyetuelewesha ni mama mmoja mjamzito.

Mama huyo tunamsimulia kwa ridhaa yake, bila kumtaja jina. Anakaa wilayani Kisarawe, upande wa Maneromango, na amezaliwa na selimundu. Ndugu wengi wanaujua ugonjwa huu, kwa kuwa Tanzania ni miongoni mwa nchi ambazo watoto wengi zaidi duniani huzaliwa nao. Chembe nyekundu za damu, ambazo kwa kawaida ni za mviringo, hujikunja kama mundu, zikaziba mishipa midogo, na mtu akapata maumivu makali ya mifupa na kupungukiwa damu. Mwenye selimundu hushauriwa anywe maji ya kutosha, ajikinge na baridi, asijichoshe, na awahi hospitali akipata homa. Mama huyu ameyashika hayo tangu utotoni. Alipoolewa na kushika mimba, wapo waliofurahi naye, na wapo walionong'ona nyuma ya kanisa kwamba anajitafutia kifo.

Mimba ilipofika wiki ya 26 alipimwa, akakutwa na kisukari cha ujauzito. Ugonjwa huu hauji kwa sababu mama amekula pipi nyingi. Kondo la nyuma hutoa homoni zinazomsaidia mtoto kukua, lakini homoni hizo hizo huifanya insulini ya mama isifanye kazi vizuri. Kongosho likishindwa kuongeza insulini ya kutosha, sukari hupanda katika damu ya mama na kupita kwenda kwa mtoto. Mtoto anaweza kuwa mkubwa kupita kiasi, uzazi ukawa mgumu, na akishazaliwa sukari yake ikashuka ghafla. Ndiyo sababu wajawazito hupimwa kati ya wiki ya 24 na ya 28, kwa kupima kabla ya kula na kisha baada ya kunywa maji yenye gramu 75 za glukosi.

Kwake jambo lilikuwa gumu zaidi. Kuna kipimo kinachoonyesha wastani wa sukari ya miezi kama mitatu, nacho hutegemea chembe nyekundu kuishi muda wake wa kawaida, yaani siku 120 hivi. Chembe za mwenye selimundu hufa mapema sana, kwa hiyo kipimo hicho kinaweza kuonyesha kwamba mambo ni mazuri kumbe sivyo. Ikabidi ajichome kidole na kupima sukari mara kadhaa kila siku. Alipunguza wali, muhogo na chai ya sukari, akaongeza mboga za majani, maharage na samaki. Hilo halikutosha, akaanzishiwa sindano za insulini. Nyumbani hakuna friji, hivyo aliitunza dawa katika chombo kilichofungwa vizuri karibu na mtungi wa maji, mahali penye ubaridi. Kwenda kliniki Kibaha kulimaanisha kuondoka alfajiri, kupita Mzenga hadi Mlandizi, kisha kushika barabara ya Morogoro.

Hayo yote sisi wachungaji wake hatukuyajua, kwa sababu hatukuuliza.

Ikafika Kwaresima. Tulitangaza siku moja ya mfungo mkavu, bila chakula wala maji, tangu asubuhi hadi jioni. Tulisema kwa nguvu, kama tunavyosema mara nyingi, kwamba anayetaka kuuona mkono wa Mungu asiupe mwili nafasi. Mama yule alisikia. Asubuhi ya siku ile alichoma insulini yake kama alivyoagizwa, kisha hakula wala hakunywa, akaja kanisani. Kabla ya saa tano alianza kutetemeka na kutoa jasho, akasema maneno yasiyoeleweka, akaanguka kati ya mabenchi. Nasi tulifanya nini? Tulidhani ni pepo. Tulimzunguka, tukapaza sauti, tukakemea.

Aliyemwokoa ni bibi mmoja, mkunga mstaafu, aliyekuwa amekaa benchi la nyuma. Alipenya katikati yetu, akamshika shingo, akaliona lile jasho la baridi. Akasema, "Leteni sukari na maji upesi. Maombi yaendelee huku anakunywa." Mama alikuwa bado anaweza kumeza. Baada ya dakika chache akafumbua macho na kuuliza yuko wapi. Sukari ilikuwa imeshuka, kwa maana insulini ilikuwa imeingia mwilini na chakula hakikuifuata. Kisha, kwa kuwa alikuwa ameshinda na kiu, maumivu ya selimundu yakaamka usiku ule. Alilazwa siku kadhaa.

Tulipokwenda kumwona wodini tulimuuliza kwa upole kwa nini hakutuambia. Alinyamaza kidogo, akasema, "Baba Mchungaji, sikutaka nionekane sina imani."

Hilo ndilo neno lililotufanya tuandike makala hii. Tangu siku ile tumejiuliza: ni nani aliyemfundisha kwamba kula chakula chake cha asubuhi ni kukosa imani? Hatukuweza kumtaja mtu mwingine. Tulikuwa ni sisi.

Tukirudi kwa Martin Luther tunaona kwamba swali hili si geni. Mwaka 1527 tauni iliingia Wittenberg. Wengi walikimbia, yeye akabaki kuwahudumia wagonjwa, na nyumba yake ikawa kama hospitali. Mkewe, Katharina, alikuwa mjamzito siku zile, na binti yao Elisabeth alizaliwa mwezi Desemba mwaka huo huo. Katika hali hiyo Luther aliandika barua ndefu kumjibu mchungaji Johann Hess wa Breslau, aliyeuliza kama Mkristo anaruhusiwa kuikimbia tauni. Luther aliwaonya watu wa namna mbili: wanaomtoroka jirani yao kwa hofu, na wanaodharau dawa na tahadhari wakidhani hiyo ndiyo imani. Hawa wa pili, kwa maoni yake, hawamtegemei Mungu, bali wanamjaribu. Dawa ni kazi ya mikono ya Mungu, na akili ya kuitumia ni zawadi yake pia.

Insulini nayo ni zawadi ya namna hiyo. Kabla ya Januari 1922, wakati kijana mmoja, Leonard Thompson, alipochomwa sindano yake kule Toronto, mtoto mwenye kisukari cha kukosa insulini alinyimwa chakula ili aishi miezi michache zaidi, kisha akafa. Waliogundua insulini waliuza haki zao kwa dola moja moja, wakiona si jambo la kujitajirisha. Mama anapoichukua dawa ile pale kwenye mtungi wake, anapokea wema uliopita katika mikono mingi. Akitoa shukrani kabla ya kujichoma, sindano hiyo nayo ni sala.

Lakini kuna jambo la pili. Tulitoa agizo moja kwa watu wote, kana kwamba miili yote ni mmoja. Ugonjwa wenyewe unatufundisha vinginevyo. Katika nchi za Ulaya na Marekani kuna ugonjwa mwingine wa kurithi uitwao sistiki faibrosisi, ambao daktari Dorothy Andersen aliueleza kwa kina mwaka 1938. Ute mzito huziba mapafu, na pia huziba njia za kongosho, hata chakula hakisagwi vizuri tumboni. Zamani wengi walikufa wangali watoto. Siku hizi wapo wanawake wenye ugonjwa huo wanaofika utu uzima na kubeba mimba, na kwa sababu kongosho limeharibika, hupata kisukari kwa urahisi. Sasa fikiri: mjamzito mwingine mwenye kisukari huambiwa apunguze baadhi ya vyakula. Mwanamke huyu akiambiwa vivyo hivyo ataumia, kwa kuwa mwili wake unahitaji chakula kingi chenye nguvu ili mapafu yake yafanye kazi na mtoto akue. Kwake chakula hakipunguzwi. Insulini ndiyo inayopangwa ifuate chakula. Ugonjwa ni kisukari kile kile, lakini ushauri ni tofauti. Daktari mwema hulijua hilo, ndiyo maana huanza kwa kuuliza. Mchungaji anayeagiza kabla ya kuuliza ana udhuru gani?

Wapo watakaosema, "Lakini alijua ana selimundu. Kwa nini alibeba mimba?" Tusilipuuze swali hili. Ni hekima wenzi wapimwe na kupata ushauri kabla ya kuoana na kabla ya kuzaa, nasi tunapaswa kulisema hilo katika mafundisho ya ndoa. Hata hivyo, ushauri hutolewa kabla ya safari. Mtu akiwa njiani ana furushi kichwani, kumwambia kwamba asingeondoka nyumbani hakumpunguzii hata kilo moja. Tena, hamu ya kuwa mama haikukatazwa kwa wenye afya peke yao.

Hapo ndipo yale maneno mawili ya Paulo yalipotufungukia. Kuna furushi ambalo ni la mama mwenyewe. Kidole kinachochomwa ni chake. Ni yeye anayeamua kukiacha kipande cha tatu cha muhogo, na ni yeye anayeamka usiku kupima. Hatuwezi kulibeba hilo kwa niaba yake, wala hatupaswi kulinyakua. Usharika unaoichungulia sahani ya mjamzito na kuhesabu matonge yake haumbebei mzigo, unamwongezea mwingine. Lakini nauli ya kwenda Kibaha si furushi la mtu mmoja. Vile vijiti vya kupimia sukari vinavyokwisha kabla ya mwezi kwisha, ndoo ya maji kichwani katika mwezi wa nane wa mimba, woga wa kulala peke yake, na hasa aibu ya kuonekana hana imani, huo ndio ule uzito wa kwanza. Huo ni wetu, na Paulo hakutupa ruhusa ya kuuacha.

Mkoa wetu una kumbukumbu nzuri katika jambo hili. Kituo cha elimu cha Kibaha kilipoanzishwa mwaka 1963 kwa ushirikiano wa nchi za Kaskazini mwa Ulaya, kilikusudiwa kupambana na ujinga, umaskini na maradhi kwa pamoja, na ndiyo asili ya hospitali ya Tumbi. Waliokianzisha walitambua kwamba maadui hao watatu hutembea pamoja. Siku ile kanisani ujinga ulikuwa wetu, maradhi yalikuwa yake, na umaskini ulikuwa wa wote.

Tunamkumbuka pia nabii Eliya, katika 1 Wafalme 19, alipolala chini ya mti akitamani kufa. Malaika alikuja kwake, na hakuja na mahubiri. Alileta mkate uliookwa na maji, akamwamsha ale, kwa kuwa safari iliyokuwa mbele ilikuwa kubwa kuliko nguvu zake. Bibi yule wa benchi la nyuma alifanya kazi ya malaika huyo, huku sisi tukipiga kelele.

Mtoto alizaliwa salama, wa kiume. Wiki kadhaa baadaye mama alipimwa tena, na sukari ilikuwa imerudi mahali pake, ingawa ameambiwa aendelee kupima miaka ijayo. Sasa kila tunapotangaza mfungo tunasema wazi kwamba wajawazito, wanaonyonyesha na wanaotumia dawa hawafungi chakula wala maji, na hakuna anayewaona wapungufu. Mfungo wao, kama Isaya anavyofundisha katika sura ya 58, ni ule ambao sisi wenye afya tunapaswa kuufunga kwa ajili yao: kugawana mkate wetu. Fedha ya chakula tusichokula siku ile inawekwa katika mfuko wa nauli za kliniki. Si fedha nyingi. Na kabla ya mfungo, akina mama wawili hupita nyumba kwa nyumba wakiuliza nani anatumia dawa gani.

Kuuliza ndiko tulikochelewa. Bwana atusamehe, na atupe masikio kabla ya sauti. Amina.