Farasi Mmoja Anatosha

Farasi hajui kwamba wiki hii una kazi nyingi. Farasi mwenye uzito wa kilo 500 hula karibu kilo 10 za nyasi kavu kwa siku na kunywa maji lita 20 hadi 40. Kwato zake hukatwa kila baada ya wiki 6 hadi 8, na anaweza kuishi miaka 25 au zaidi. Zidisha hayo kwa farasi watatu, ongeza ajira, watoto na wazazi wanaozeeka, na mapenzi yanageuka zamu ya usiku: unalisha, unazoa samadi, unaondoka bila hata kumpapasa shingo.

Kupunguza farasi ni haki yako, na ni haki yao pia. Watafutie makao mema mapema, pesa na nguvu zikiwa bado zipo, maana farasi anayeuzwa mnadani kwa haraka huchukuliwa na yeyote mwenye bei. Yule mzee asiyepandika tena, nasema hili kwa moyo wote, awe ndiye anayebaki. Na hata huyo mmoja si lazima umtunze peke yako: kule Uingereza wapo wanaomtumia farasi mmoja pamoja na mpandaji mwingine, ambaye huchangia gharama na kumhudumia siku kadhaa za wiki. Ila usimwache huyo anayebaki aishi peke yake, kwa kuwa farasi ni mnyama wa kundi. Mpeleke kwenye banda lenye wenzake, na lenye mtu wa kumlisha alfajiri ukiwa safarini.