Waliobaki kwenye mtungi

Karatasi ambayo wenzi hupewa wasaini kwenye tiba ya upandikizaji mimba ina maswali ambayo mke na mume hawakuyategemea. Mmoja wenu akifariki, viinitete vilivyohifadhiwa vifanyweje? Mkiachana je? Mkiacha kulipia? Chini ya kila swali kuna visanduku vya kuweka alama: viteketezwe, vitumike kwenye utafiti, wapewe wenzi wengine, abaki navyo mmoja wenu. Wanaoijaza wamekuja na hamu ya mtoto. Hawakuja kuzungumzia kifo wala talaka. Wanaweka alama harakaharaka, wanasaini, wanarudisha kalamu kwa nesi.

Nawafahamu mke na mume wa hapa Bariadi, wakulima wa pamba, waliosafiri zaidi ya kilomita 1,000 hadi Dar es Salaam kwa ajili ya upandikizaji mimba. Nyumbani waliaga kwamba wanafuata mzigo wa duka. Walimpata binti, na sasa anakimbiza kuku uani. Huko Dar vimebaki viinitete vitatu. Kila mwaka hospitali inapiga simu kukumbusha ada ya hifadhi. Simu hiyo huja Januari, pamba ingali shambani na ada za shule zimewakaba, na mume hutoka nje kuipokea ili mama yake asisikie. Yeye anataka waache kulipa. Mke anataka wajaribu tena. Kila mmoja ameniambia mimi. Wao kwa wao hawajaambiana.

Viinitete kubaki ni jambo la kawaida katika tiba hii. Mwanamke hudungwa sindano za kuchochea mayai, yanavunwa kadhaa kwa mpigo, yanarutubishwa maabara yawe viinitete, kisha baada ya siku chache kinarudishwa tumboni kimoja au viwili. Vilivyosalia vizuri hugandishwa ndani ya mrija mwembamba wenye jina na namba, ukazamishwa kwenye mtungi wa naitrojeni ya kimiminika, nyuzi 196 chini ya sifuri. Kwenye baridi hiyo umri unasimama. Mtoto wa kwanza aliyetokana na kiinitete cha kugandishwa alizaliwa Melbourne mwaka 1984. Oktoba 2022, Marekani, walizaliwa mapacha kutokana na viinitete vilivyogandishwa Aprili 1992. Mkoa wetu wa Simiyu ulipoanzishwa mwaka 2012, watoto hao walikuwa wameshakaa kwenye mtungi karibu miaka ishirini.

Kwetu Wasukuma jambo hili linagusa mahali pa ndani. Mtoto hupewa jina kwa namna alivyokuja: Kulwa ametangulia, Doto amemfuata, Shija amezaliwa baada ya mapacha, Mabula amekuja na mvua. Viinitete viwili vikitungwa asubuhi moja, kimoja kikazaliwa leo na kingine baada ya miaka minane, sijui bibi atawaitaje. Wa pili amesubiri kama mdogo wa tumbo lingine, ilhali alianza siku moja na kaka yake.

Nilimpelekea jambo hili baba yangu mkubwa, bila kutaja wahusika. Aliuliza swali moja kwanza: "Ng'ombe walishatoka wote?"

"Wote, baba."

"Basi hao ni wa kwao mume. Mnabishania nini?"

Hilo ndilo jibu la mila. Hans Cory aliyeandika sheria na desturi za Wasukuma katika kitabu kilichotoka mwaka 1953 alikuta hivyo hivyo: mahari ndiyo inayoamua mtoto ni wa ukoo gani. Lakini mzee hakuishia hapo. Alinyamaza, akauliza, "Na mume akifa, mke akaolewa kwingine, nani atawabeba tumboni waje kwetu?" Nilimheshimu sana kwa swali hilo. Ng'ombe hawawezi kuamua jambo ambalo lazima lipite kwenye mwili wa mwanamke, tena aliyekwisha kudungwa sindano zote zile.

Mahakama za wenzetu nazo hazijakubaliana. Mwaka 1992 Mahakama ya Juu ya jimbo la Tennessee, Marekani, katika kesi ya wenzi waliotalikiana, ilisema kiinitete si mtu wala si mali, kinastahili heshima ya pekee. Mume ambaye hakutaka kuwa baba akashinda. Februari 2024 mahakama ya juu ya jimbo la Alabama ikaamua kuwa kiinitete ni mtoto kwa mujibu wa sheria ya fidia ya kifo cha mtoto. Sheria yetu ya Mtoto ya mwaka 2009 inasema mtoto ni mtu aliye chini ya miaka 18, na kiinitete hakina hata siku moja ya kuhesabu. Kenya, mbunge Millie Odhiambo amepigania mswada wa uzazi wa kusaidiwa kwa miaka mingi. Huko kwenye dini, baraza la fikihi la Jeddah mwaka 1990 lilielekeza vilivyozidi viachwe viishe vyenyewe, na Vatikani mwaka 2008 ikakiri kwamba hali ya vilivyotelekezwa ni dhuluma isiyo na ufumbuzi.

Kinachoniumiza zaidi ni kilichotokea Uingereza Agosti 1996. Sheria ya wakati ule iliruhusu hifadhi ya miaka mitano tu bila idhini mpya, na viinitete kama 3,300 viliteketezwa kwa kuwa wenyewe hawakujibu barua. Wengine walihama, wengine waliachana, na naamini wengine waliiona bahasha wakashindwa kuifungua. Hakuna aliyeamua. Ukimya ndio ulioamua, na ukimya wa aina hiyo ndio ninaouona ukijengeka kwetu, kwa sababu hapa utasa unafichwa na tiba yake inafichwa zaidi.

Huduma hii inazidi kusogea: hospitali binafsi zinaitoa, Muhimbili nayo imeingia. Naomba karatasi ile isijazwe siku ya sindano. Wenzi wapewe waende nayo nyumbani, waulizwe kila mmoja peke yake, kisha pamoja, kwa lugha wanayoitumia wakigombana, hata kama ni Kisukuma. Wasio na uwezo wa kulipia hifadhi waelezwe mapema kwamba mayai machache yanaweza kurutubishwa, ili viinitete vibaki vichache. Anwani mbili ziandikwe, siyo namba moja ya simu ya mume. Na wakiamua viachwe viishe, waambiwe siku na saa, na mwenye kutaka kuwepo aruhusiwe kuingia.