Furaha ya Kunguru

Wahenga walisema, vita vya panzi furaha ya kunguru. Uzeeni najiuliza: je, nami nilikuwa kunguru?

Mwaka 2001 nilikuwa karani katika kiwanda kimoja cha samaki hapa Mwanza. Nilihesabu maboksi ya minofu ya sangara iliyopakiwa katika ndege za mizigo kwenda Ulaya. Mshahara ule ulisomesha wanangu. Kongo na Angola kulikuwa na vita, na watu walinong'ona kwamba ndege kama zile haziji Afrika mikono mitupu. Siku moja nilimwuliza mpakiaji mmoja, "Ndugu yangu, hizi huleta nini?" Akacheka. "Karani, mimi nalipwa kupakia, silipwi kuuliza." Nikacheka naye, nikaendelea kuhesabu.

Mwaka 2004 Hubert Sauper alitoa filamu yake, Darwin's Nightmare, iliyopigwa hapa kwetu. Rubani mmoja anasimulia humo kwamba alipeleka vifaru Angola, kisha akapitia Johannesburg kupakia zabibu za kupeleka Ulaya. Mwaka 2006 Rais Kikwete aliishutumu filamu hiyo hadharani. Ni kweli, haionyeshi silaha zikishushwa Mwanza. Nami sikuziona, wala simshitaki mtu.

Lakini sheria ina swali lake. Mwaka 1946 mahakama ya kijeshi ya Waingereza mjini Hamburg ilimhukumu Bruno Tesch, mfanyabiashara ambaye kampuni yake iliwauzia Wanazi gesi ya Zyklon B. Alijitetea kwamba ile ni dawa ya wadudu, hakujua kuwa inaua watu. Mahakama iliridhika kwamba alijua, akanyongwa. Swali lilikuwa hilo tu: alijua au hakujua?

Dhamiri, ndugu msomaji, huuliza zaidi. Asiyejua kwa kuwa hakuambiwa si sawa na asiyejua kwa kuwa hakutaka kuambiwa. Mimi nilikuwa huyu wa pili. Hakuna mahakama ambayo ingenitia hatiani, na hilo halinipi usingizi.

Mtasema kwamba ningeuliza ningefukuzwa, na ndege ingeruka vilevile. Huenda. Lakini wakubwa wangu wangelazimika kunijibu, kwa kweli au kwa uongo. Mimi niliwaondolea hata taabu ya kunidanganya.

Kunguru hakuwagombanisha panzi. Alishiba tu, akanyamaza.